Milango ya kadi: nilivyoisimamia kwenye jengo letu la Kariakoo

Funguo za mlango mkubwa wa jengo ninalolisimamia Kariakoo zilikuwa zimeshazaana. Mpangaji anapewa mbili, anachongesha nne, kijana wake wa dukani anaacha kazi na kuondoka na mmoja mfukoni. Tukibadilisha kitasa, mwezi hauishi hali inarudi ileile. Chini kuna maduka ya vitambaa, juu ni stoo na ofisi za mawakala wa forodha, na siku kontena likitoka bandarini watu hupanda na kushuka mpaka usiku. Ndipo mwenye jengo, Hajati, akakubali tuweke milango ya kadi, nami nikapewa kazi ya kuisimamia. Cheti cha umeme sina, ila multimita naijua na mchoro wa waya nausoma.

Ukienda kununua vifaa hivi, muuzaji atakuwekea mbele kisomaji, yaani kile kiboksi cha ukutani chenye taa. Kinawaka bluu, kinalia, kinapendeza. Mimi hicho ndicho nilichokichagua mwisho. Mlango wa kadi unasimama au unaanguka kwa kufuli, umeme na waya, vitu ambavyo mpangaji havioni kabisa.

Kwanza ilibidi kuamua kila mlango ufanye nini umeme ukikatika. Kuna kufuli zinazoshika kwa sababu zina umeme, na sumaku ndiyo ya aina hiyo: umeme ukiondoka inaachia. Kuna nyingine, hasa zile za kubana ulimi wa kitasa kwenye fremu, unazoweza kununua za kubaki zimefunga hata bila umeme. Aliye ndani anatoka kwa kukamata mkono wa kitasa kama kawaida, aliye nje anabaki nje. Nilipompelekea Hajati mchoro, baada ya shikamoo na marahaba aliuliza hapohapo:

"Mwanangu, umeme ukikatika huo mlango wa chini unakuwaje?"

"Unaachia, Hajati."

"Basi wezi kazi yao ni kusubiri giza."

"Na moto ukiwaka ghorofa ya nne umeme umekatika na mlango umefunga, wale watu watatokea wapi?"

Akanyamaza, kisha akasema niweke betri ya maana na mlinzi asiondoke pale. Tukakubaliana hivyo: mlango mkubwa sumaku, chumba cha kamera na mitambo kufuli ya kubana ulimi.

Sumaku tuliyonunua imeandikwa kilo 280. Namba hiyo ni ya kweli ikiwa bamba la chuma lililo mlangoni limelala lote juu ya uso wa sumaku iliyo kwenye fremu. Hapa mafundi wengi wanaharibu. Fundi alilikaza lile bamba kwa bolti mpaka likawa halitikisiki, akaridhika kabisa na kazi yake. Nikamwomba tuwashe, halafu nikachukua kona ya risiti na kuipitisha katikati. Upande wa kulia ilikwama, upande wa kushoto ikapita mpaka nusu. Bamba linatakiwa licheze kidogo. Ile washa ya mpira, kijipete kinachokuja kwenye pakiti, inakaa nyuma yake kwa kazi hiyo tu, ili mlango ukija umepinda kidogo bamba lijirekebishe lenyewe. Tulilegeza, tukarudisha mpira aliokuwa ameuacha kwenye boksi, risiti ikagoma pande zote. Kabla ya hapo kijana mwenye bega zuri angeufungua ule mlango bila kadi.

Kisha waya. Kontrola, yaani kile kiboksi kinachopokea namba ya kadi na kuamua mlango ufunguke au la, tuliiweka kwenye chumba cha mitambo, na kutoka hapo hadi mlango mkubwa waya unazunguka kama mita 30. Fundi alikuja na boksi la waya wa intaneti, akataka kuutumia kwa kila kitu kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Kwa kisomaji hauna neno. Kwa sumaku, ngoja kwanza. Sumaku ya volti 12 inakula karibu nusu ampea. Uzi mmoja wa waya wa intaneti ni mwembamba, una ukinzani, yaani unauzuia umeme, wa takriban ohm 8 kila mita 100, na umeme lazima uende na urudi, kwa hiyo mita 30 zinakuwa 60. Hapo umeshapoteza volti zaidi ya mbili njiani. Tulijaribu ili asione ninabishana kwa maneno: kwenye pawa saplai volti 12, mlangoni sumaku ikiwa imeshika hazikufika 10. Nguvu ya sumaku inashuka haraka kuliko volti zenyewe, ndiyo maana unakuta mlango unashika lakini ukiusukuma kwa nguvu unatoka. Tukavuta waya wa milimita 1.5 kwa ajili ya kufuli peke yake. Upotevu ukabaki sehemu ndogo ya volti.

Kuna kadude kengine kadogo, bei yake haifiki hata ya soda: dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ile nyeusi yenye mstari mweupe, 1N4007. Sumaku ni koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, na koili ukiikatia umeme ghafla inarudisha msukumo wa volti kubwa nyuma kwenye waya. Msukumo huo unachoma taratibu midomo ya rilei, ile swichi ya kontrola inayowasha na kukata umeme wa kufuli, na mara nyingine unaifanya kontrola izime na kuwaka kila mlango unapofunguliwa. Unaifunga dayodi pale pale kwenye kufuli, mstari ukiangalia chanya. Kufuli nyingi za sasa zinakuja na kinga hiyo ndani, lakini soma karatasi yake kwanza. Ukigeuza dayodi umetengeneza shoti, kwa hiyo usimwachie saidia fundi.

Kuhusu umeme wa akiba, tuliweka pawa saplai yenye chaja ndani na betri ya volti 12, 7Ah (ampea-saa 7), kama zile za kengele za wizi. Sumaku, kontrola na visomaji viwili vinakula karibu ampea 0.7, na kwenye karatasi hiyo ni saa 10. Usiziamini saa 10. Betri ikizeeka kwenye chumba chenye joto la Dar inatoa nusu ya hapo, wakati mwingine chini yake. Nimeandika mwezi na mwaka wa kununua juu ya betri kwa kalamu ya wino mzito, na mara moja moja nazima swichi ya ukutani asubuhi kuona sumaku inashika mpaka saa ngapi.

Kutoka ndani ndiko nilikokuwa mkali zaidi. Kitufe cha kutokea kwa kawaida kinaiambia kontrola ifungue, na kontrola ikiganda kitufe ni pambo. Kwa hiyo waya wa chanya wa sumaku nimeupitisha moja kwa moja kwenye kile kiboksi cha kijani cha dharura chenye kioo cha kusukuma. Ukikisukuma umeme wa kufuli unakatika palepale, kontrola itake isitake. Rilei ya paneli ya kengele ya moto nayo imeingia kwenye mstari huohuo. Wakaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakija, sihitaji kuwaeleza programu. Nasukuma kioo, mlango unafunguka.

Visomaji sasa. Vipo vile vya bei rahisi ambavyo kisomaji, kumbukumbu ya kadi na rilei vyote vimo ndani ya kiboksi kimoja. Kwa mlango wa ndani sawa. Kwa mlango unaotazama barabara, mtu anafungua skrubu moja, anakutanisha nyaya mbili, kaingia. Mimi nje niliweka kisomaji kisichojua chochote zaidi ya kusoma na kutuma namba. Rilei iko ndani, chumba kimefungwa. Pia usikibandike moja kwa moja kwenye fremu ya aluminiamu. Chuma kinakula mawimbi, na kadi itabidi uigandishe kabisa ndipo isomeke. Kipande cha plastiki nyuma yake kinatosha.

Kisomaji kinatuma namba kwa njia ya Wiegand, nyaya mbili za data: kijani ni D0, nyeupe ni D1. Zikibadilishana, kisomaji kinalia vizuri na mlango unakataa, na fundi anaanza kulaumu kadi. Kwenye kadi zenyewe utakuta zimechapwa kitu kama 0002961465 na pembeni 045,12345. Hiyo ni namba moja iliyoandikwa kwa namna mbili: 45 zidisha kwa 65,536, jumlisha 12,345. Ile 045 ni ya fungu, na fungu haliwezi kuzidi 255. Kontrola nyingine zinaitupa sehemu hiyo na kusoma tarakimu za mwisho tu, kwa hiyo ukinunua kadi kwa maduka mawili unaweza ukapata wapangaji wawili wenye "kadi moja". Niliuliza hilo kabla ya kulipa.

Kadi za masafa ya kHz 125, zile nene au za kishikizo cha funguo, zinanakiliwa kwa kimashine cha mkononi kwa dakika moja, na tungekuwa tumerudi kulekule kwenye funguo za kuchongesha. Tukaenda kwenye kadi za MHz 13.56. Nako kuna madaraja: usalama wa kadi za aina ya MIFARE Classic ulivunjwa na watafiti hadharani mwaka 2008, kwa hiyo nilichukua aina nyingine, DESFire, na visomaji vinavyosoma sehemu iliyofungwa ya kadi badala ya namba yake ya nje tu. Zimegharimu zaidi, Hajati alilalamika, akalipa. Alama za vidole nilizikataa. Wabeba mizigo vidole vyao vimesuguliwa na magunia, mashine ingewakataa kutwa, na baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sikuona sababu ya kukaa na vidole vya watu kwenye kompyuta ya chumba cha mlinzi.

Kadi ikipotea, mpangaji ananipigia, naifuta kabla hajamaliza kujieleza, na mpya ananunua yeye. Hiyo kanuni imepunguza upotevu kuliko kifaa chochote nilichofunga. Kilichobaki ni mlango wa kwenye paa, kwenye matangi ya maji. Kule upepo wa bahari unakula chuma, na sumaku ikianza kuota kutu usoni haishiki tena sawasawa. Kwa sasa una kitasa cha kawaida na komeo la ndani, ufunguo anao fundi bomba na mwingine ninao mimi.