Jambur: nauli ya kufungua mdomo

Ahmedabad mpaka Junagadh, huko Gujarat, India, sina la kusimulia, nililala. Mambo yalianzia kwenye treni ya Delvada. Reli yake ni ya mita moja, upana uleule wa Reli ya Kati yetu, na mwendo nao ni uleule: inajikokota kwenye msitu wa Gir milango wazi, vumbi lote lako. Mkagua tiketi akanisemesha Kigujarati. Nilipojibu kwa Kiingereza akanuna, akidhani namringia.

Nikashuka Talala, mji wa maembe ya Kesar. Msimu ulishapita, hata kokwa sikuona. Kutoka hapo kwenda Jambur, kijiji cha Wasidi, unapanda chakdo: mbele pikipiki, nyuma kitoroli cha bati chenye mbao za kukalia. Tulikuwa watu kumi na wanne na mbuzi mmoja. Bolti ya ukingoni ikanichoma paja safari nzima.

Kila mtu alitoa noti ya rupia ishirini, kama nauli ya daladala tu. Dereva wala hakunikodolea macho. Wasidi ni watu weusi, mababu zao walivushwa bahari kutoka Afrika karne nyingi nyuma, wengine utumwani, wengine wakaishia kuwa askari wa wafalme wa huko. Kwa hiyo mimi nilikuwa mwana wa Jambur anayerudi kwao. Laiti ningenyamaza! Nikauliza, "Bhai, Jambur ketla?" Yaani, kaka, Jambur bei gani? Kigujarati changu chote nilikiokota kwenye maduka ya Wahindi Kisutu, Dar: salamu, bei na matusi mawili. Dereva akageuka mzimamzima, akacheka. Rupia mia mbili. Nikapiga kelele, huyu katoa ishirini, yule ishirini! Abiria wenzangu, niliokuwa nimewapakatia mbuzi wao, ghafla wakaona barabara inapendeza kutazamwa. Nikalipa. Shilingi elfu sita hivi, si hela ya kumuua mtu, lakini kupigwa na watu mnaofanana sura kunauma.

Kijijini kijana mmoja mwenye Kiingereza cha kuokoteza akanikaribisha chai, nayo hunywewa kwenye kisahani. Nikamuuliza mpo wangapi hapa. Akawauliza wazee, wakabishana. Sensa ya mwisho India ilikuwa 2011, ile ya 2021 ikaahirishwa. Mzee mmoja akasema jambo, wote wakaangua kicheko, kijana akanitafsiria: simba wa Gir huhesabiwa kila miaka mitano, na Mei 2025 walikuwa 891. Ukitaka serikali ijue idadi yako, ota manyoya shingoni.

Nikawaambia kwetu ngoma. "Goma!" akaruka yule mzee, maana ndivyo wanavyoita mchezo wao mpaka leo. Nikajaribu maji, nyumba, mama. Wapi. Wananitazama kama mimi nilivyomtazama mkagua tiketi. Wao ni Wagujarati, basi. Wanachojivunia ni Hirbai Lobi, mwanamke wa hapohapo kijijini aliyepewa nishani ya Padma Shri mwaka 2023, si bahari waliyovushwa babu zao.

Nikamkumbuka muuza vitambaa wangu wa Kisutu. Kazaliwa Dar, baba yake kazaliwa Dar, anatukana Kiswahili kuliko mimi, na bado kila siku kuna mteja anamuuliza, "Mhindi, kwenu wapi?" Nami nimeshamuuliza. Na bei zake, sasa najiuliza, kama huwa zinategemea nani kafungua mdomo namna gani.

Jioni basi halikuja. Wakasema lilishapita, wengine wakasema leo halipo kabisa. Ikabidi chakdo tena. Kijana akanisindikiza, akaniwekea kidole midomoni. Nikapanda, nikatoa noti ya ishirini bila kumtazama dereva usoni. Akaipokea, akaikunja sikioni. Njiani bibi mmoja akanisimulia habari ndefu sana, nadhani ya mgonjwa, akishika goti langu. Nikatikisa kichwa mpaka Talala.