Siku moja maishani mwangu melini: siku ya foleni ya tipu

Saa 11:15 alfajiri

Alamu inalia, mwenzangu wa Indonesia kwenye kitanda cha juu anageuka tu upande wa pili, yeye ni wa baa na ameingia kulala saa nane usiku. Navaa gizani. Kebini yetu haina dirisha, mmoja akisimama mwingine lazima akae kitandani, nishazoea. Jana tulikuwa Cozumel kule Mexico, leo ni bahari mchana kutwa na kesho asubuhi tunaingia Miami, wageni wote wanashuka na wengine wanapanda siku hiyohiyo. Sisi watu wa kusafisha vyumba leo tunaiita siku ya foleni, mtaona kwa nini.

Natokea I-95, ndiyo ile korido ndefu ya wafanyakazi inayopita meli nzima huku chini, wameipa jina la barabara kuu ya Marekani. Chai, mkate, mayai. Mtoto wa Likoni, Mombasa, nimekulia mahamri lakini hapa hayapo.

Saa 12:30 asubuhi

Napakia toroli: mashuka, foronya, taulo, sabuni, dawa za choo. Nina kebini 18. Kabla ya korona kila kebini ilifanywa mara mbili, asubuhi na jioni, halafu kampuni nyingi zikapunguza ikawa mara moja, tukadhani tutapumua, kumbe kwetu sisi tukaongezewa kebini.

Saa 3:00 asubuhi

Safari hii nimepata bahati, kuna mama wa Kitanzania anaishi Houston amekuja na binti yake. Siku ya kwanza aliposoma jina kwenye beji yangu akaniuliza wewe wa wapi, tangu hapo tunaongea Kiswahili kila asubuhi na moyo wangu unatulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie ukweli, hizi pesa wanazonikata kila siku zinakufikia, au wanakula wenyewe?"

Nikaweka shuka chini nikamweleza, na nataka niwaeleze na nyinyi maana nyumbani watu wengi wanadhani tipu ya melini ni kama ile ya hoteli za Diani, mgeni amefurahi anakupa, hajafurahi basi. Sivyo. Kwenye meli nyingi zinazotoka Marekani kila mgeni anakatwa kiasi fulani kila siku, kampuni ya Carnival walifika dola 16 mwaka 2023, Royal Caribbean mwaka huohuo wakafika 18, Norwegian walishafika 20, na walioko vyumba vya kifahari wanakatwa zaidi. Vinywaji vya baa navyo vina asilimia yake, mara nyingi 18 au 20. Meli yetu ni dola 16. Zote zinaingia kwenye chungu kimoja kisha zinagawanywa, fungu la wa vyumba, fungu la wahudumu wa meza, na fungu la wale ambao mgeni hawaoni mpaka anashuka, jikoni, londri, wabeba mizigo.

Sasa mkataba wangu. Umeniandikia si chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Mshahara wenyewe ndani yake ni 400, hizo 600 zilizobaki zinatakiwa zitoke kwenye tipu. Fungu langu likija 450 kampuni inajazia 150, likija 600 kampuni haitoi kitu na mimi bado napata 1,000 ileile. Yaani dola 600 za mwanzo za wageni zinamwokoa tajiri asijazie, mimi naanza kuonja kuanzia ya 601. Msimu kama huu meli imejaa nafika mpaka 1,400, na hapo ndipo kila kebini inayofuta tipu zake inanigusa mimi moja kwa moja. Miezi ya meli tupu narudi kwenye 1,000, na kwa saa kumi kwa siku, siku 30, bila siku ya kupumzika hata moja kwa mkataba mzima wa miezi minane, hiyo ni kama dola 3 na senti 33 kwa saa.

Mama akanyamaza kidogo kisha akasema, "Basi huo ni mshahara wenu, si bakshishi."

"Ndiyo mama, ni mshahara."

"Mbona wasiseme hivyo?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale mlangoni. Jibu ni kwamba tiketi inaonekana rahisi kwenye tangazo. Na meli yetu inapeperusha bendera ya Bahamas, kwa hiyo kima cha chini cha mshahara cha Florida hakituhusu hata tukifunga gati Miami kila wiki. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ulianza kutumika 2013, huo unatulinda kwenye mapumziko na chakula na kurudishwa nyumbani. Lakini kiwango cha mshahara kinachotajwa na shirika la kazi duniani, dola 673 kwa mwezi kwa mwaka 2025, kimepangwa kwa baharia wa deki mwenye cheti, na mimi kazi yangu ni kutandika vitanda.

Saa 7:00 mchana

Mesi, chumba cha chakula cha wafanyakazi. Wali upo kila siku, Wafilipino na Waindonesia wasingekubali vingine, na sisi watu wa pwani tunafaidika. Nakaa na kaka mmoja wa Kisauni anafanya londri. Kule ni joto la mashine tangu asubuhi mpaka usiku, mikono yake imechubuka, mashuka ya maelfu ya watu yanapita kwake na hakuna mgeni hata mmoja anayejua kama yupo. Mimi angalau mgeni anaweza kuniachia kitu mezani. Yeye ana lile fungu la kwenye chungu tu.

"Dadangu, huko juu foleni imeanza?"

"Bado kaka, wako bwawani."

"Wiki iliyopita ilikata kona, wallahi."

Saa 9:00 alasiri

Nina saa mbili na nusu za kupumzika. Nanunua intaneti, nampigia mamangu, kwao ni saa nne usiku na hajalala ananingoja. Ada ya mdogo wangu, bati la jikoni linavuja, na lile deni. Deni la dalali aliyenitoza shilingi laki moja na nusu za Kenya ili nipate hii kazi. Wadogo zangu mnaohangaika na makaratasi sasa hivi nisikilizeni: wakala haruhusiwi kumtoza baharia pesa za kumpatia kazi, mkataba wa kimataifa unakataza. Unacholipia wewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, na hata viza ni juu ya mwenye meli. Mimi sikujua, nikauza pikipiki ya marehemu baba na nyingine nikakopa, na mpaka leo sehemu ya tipu zangu inakwenda huko.

Saa 12:15 jioni

Nimeenda kaunta ya wageni kuchukua vibandiko vya mizigo na foleni ndiyo hiyo, imezunguka nguzo imefika karibu na ngazi. Wapo wenye maswali ya bili, lakini wengi wamekuja kufuta tipu kwenye bili zao, maana inaruhusiwa, unasema tu futa na inafutwa. Katikati nikamwona baba wa familia ya watu wanne, kebini ya mwisho ya korido yangu. Wana mtoto wa kama miaka sita, kila jioni ananingojea nitengeneze mnyama wa taulo na anampenda tembo kuliko wote. Unakunja taulo kubwa kutoka ncha mbili mpaka zikutane katikati, unalipinda linasimama miguu minne, kisha taulo dogo unalifanya kichwa na mkonga. Nilimfundisha akajaribu mwenyewe. Baba yake aliponiona akainamisha macho kwenye zulia. Watu wanne, dola 16, siku saba, ni dola 448.

Nikatabasamu nikapita. Nilitengeneza tembo wa mwisho pia, mtoto hana kosa.

Saa 4:00 usiku

Mabegi yamejaa korido. Kwenye ile kebini nimekuta dola 20 juu ya meza na karatasi, mtoto amechora tembo wa bluu na kando yake mtu mwenye sare, ni mimi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda dakika nzima na hiyo picha.

Supavaiza akaja na orodha ya kebini zilizofuta tipu. Sheria ya kampuni yetu ni hii, mgeni akifuta ile ya kila siku kisha akakupa taslimu mkononi, hiyo taslimu si yako, unairudisha kwenye chungu. Nikampa zile 20, nikasaini daftari. Picha imebaki mfukoni.

Simchukii yule baba. Pengine alidhani anaikwepa kampuni ili anipe mimi mwenyewe, wengi wanawaza hivyo na wana nia nzuri kabisa. Ninachokasirikia ni mpango wenyewe, unaomfanya mgeni awe ndiye anayeamua mwisho wa wiki kama kaka wa londri alipwe au asilipwe. Na si kwamba haiwezekani vingine, P&O Cruises ya Uingereza waliziondoa hizo tipu za kila siku mwaka 2019 wakaziweka ndani ya bei, na meli zao bado zinasafiri.

Saa 4:50 usiku

Mama wa Houston alikuwa mlangoni ananisubiri. "Mwanangu, ile yao nimeiacha kama ilivyo. Hii ni yako." Bahasha, dola 40. Hii nabaki nayo kwa sababu hakuifuta ile nyingine. Nilimshika mkono sikuweza kusema sana.

Saa 5:30 usiku

Nimeshuka I-95 nikamkuta kaka wa Kisauni ndiyo anatoka zamu, shati limelowa. Nikampa 10. Akakataa, nikamwambia mashuka ya yule mama umefua wewe, chukua. Akachukua.

"Kesho nakuwekea mashuka yako mapema dada, kabla ya saa kumi na moja yatakuwa kwenye toroli."

Nimeweka alamu saa kumi. Kebini 18 ziwe tayari kabla ya saa saba na nusu mchana.