Jinsi nilivyotatua kuzimika kwa pikapu ya baba mlimani

Pikapu ya baba, Peugeot 504 iliyowahi kubeba mahari ya shangazi, ilikuwa na mazoea ya kuzimika kila tulipopanda kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, kisha kuwaka tena baada ya kupumzishwa. Fundi mmoja alibadilisha plagi, mwingine akasafisha kabureta, na pesa zikaenda. Siku nilipofungua kifuniko cha tangi mara tu ilipozimika, nilisikia hewa ikivutwa ndani kwa mfyonzo mrefu: tundu dogo la kupitishia hewa kwenye kifuniko hicho lilikuwa limezibwa na vumbi lililogandamana, hivyo petroli ilivyopungua tangini, hewa haikuingia kujaza nafasi yake, na pampu ilishindwa kuvuta nyingine. Nililizibua kwa sindano ya kushonea magunia, nikakiosha kifuniko kwa petroli. Tangu hapo imepanda bila kuzimika, ingawa baba amekataa katakata jiwe la kuzuia gurudumu litolewe nyuma.