Tumeamua kuweka kimoja

Kesho asubuhi tunapandikiza kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara likaanza kukua, na jioni hii ndipo tumemaliza kujaza fomu. Sehemu nyingine zote tulishazijaza tangu wiki iliyopita: majina, tarehe za kuzaliwa, hata lile swali la nini kifanyike na viinitete vyetu iwapo mmoja wetu atafariki, ambalo mtu hulijibu huku mkono ukiwa mzito. Uliobaki wazi ulikuwa mstari mmoja tu, wa idadi ya viinitete vitakavyowekwa. Nimeandika 1. Mume wangu akausoma, akatia saini. Naandika haya kabla sijalala kwa sababu nataka sababu zetu zikae mahali, nizikute siku nitakapozihitaji, matokeo yawe yoyote yatakayokuwa.

Tunavyo vitatu. Mayai yaliyotolewa yalikuwa mengi zaidi ya hapo, ila kila hatua huchuja. Mengine hayakuwa yamekomaa, mengine hayakurutubika, na kati ya yaliyorutubika yapo yaliyoishia njiani siku ya tatu. Waliopitia matibabu haya wanajua jinsi simu ya maabara inavyopokelewa siku hizo: mtu haoni hata pa kukaa. Vitatu vikafika siku ya tano. Vyote viligandishwa, maana tumbo langu lilikuwa limevimba kwa dawa za kukuza mayai na daktari hakutaka kuongeza mimba juu ya uvimbe ule. Kwa hiyo tumekuwa na muda wa kufikiri, na muda huo umekuwa mtihani wenyewe.

Mtaalamu wa maabara alitufungulia picha zao kwenye kompyuta. Sikutegemea kuona kitu chenye mpangilio namna ile. Ni duara, na pembezoni mwake pana ukuta wa seli zilizobanana safu moja. Ndani ni maji, na upande mmoja kuna kifundo kidogo cha seli kilichojishikiza ukutani. Akakielekeza kalamu kile kifundo: hicho ndicho hufanya mtoto, na ule ukuta ndio hufanya kondo la nyuma. Chini ya kila picha paliandikwa alama: 4AA, 4AB, 3BB. Namba ni kiasi kiinitete kilivyotanuka, herufi ya kwanza ni ya kifundo, ya pili ni ya ukuta. Nikamuuliza kama 4AA ndiyo mtoto. Akanijibu kwa upole kwamba alama zinawasaidia kupanga kipi kianze, hazisemi nani atazaliwa, na kwamba ameshaona BB nyingi zikija kutembelea maabara zikiwa zinakimbia kwenye korido.

Nilitaka viwili. Nalisema wazi, kwa sababu nadhani wengi wetu hutaka hivyo na hatusemi kwa nini. Mama mkwe aliposikia tuna vitatu alisema, "Mwanangu, wekeni wawili, mmalize kazi." Aliyasema kwa mapenzi, ndiye aliyekaa nami siku ya kutolewa mayai, akinishikia beseni nilipokuwa natapika. Rafiki zangu nao walisema vivyo hivyo. Mapacha ni neema, na sitaki mwenye mapacha asome hapa akadhani nasema vinginevyo. Nilishaanza hata kuwaza majina yanayokwenda pamoja.

Kilichonigeuza kilianzia kwa mume wangu, usiku, taa imeshazimwa. Akaniuliza, "Hivi tunataka mapacha, au tunataka hii kazi iishe?"

Sikumjibu usiku ule. Nimechoka na sindano, nimechoka kupanga kazi na misiba na harusi kufuata ratiba ya dawa, nimechoka kuvua nguo mbele ya watu nisiowajua. Niliposema viwili, nilikuwa naomba mapumziko. Na mtu akiwa amechoka kiasi hicho, swali la idadi humjia kama swali la mara ngapi atalazimika kurudi pale, wakati daktari anauliza ni watoto wangapi tumboni mwake mwili wake na miili yao inaweza kuwabeba salama.

Tulirudi kwa daktari na maswali yetu. Jambo la kwanza alilotusahihisha ni hesabu. Nilidhani nikiweka viwili uwezekano wa kupata mtoto unakuwa maradufu. Haiendi hivyo. Alitueleza utafiti uliofanyika katika nchi za Skandinavia na kuchapishwa mwaka 2004, wa wanawake 661 wenye umri chini ya miaka 36. Kundi moja waliwekewa viwili kwa mpigo. Kundi la pili waliwekewa kimoja, na kisiposhika wakawekewa kingine kilichokuwa kimegandishwa. Waliojifungua katika kundi la viwili walikuwa asilimia 42.9, na katika kundi la kimoja kimoja asilimia 38.8. Tofauti ipo, na ni ndogo. Ila waliojifungua, wa kundi la viwili walipata mapacha kwa asilimia 33.1, na wa kundi la kimoja hata asilimia moja haikufika, ilikuwa 0.8. Mume wangu alimwomba arudie zile namba za mwisho. Mimi nina miaka 34, na viinitete vyetu ni vizuri, kwa hiyo wale ni wanawake kama mimi kabisa. Kuweka kimoja leo na kimoja baadaye kunanipa karibu nafasi ileile. Kinachozidi ni kungoja.

Halafu nikamuuliza kuhusu mapacha wenyewe, kwamba kuna ubaya gani. Alitaja kimoja kimoja bila kututisha. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Mama huwa karibu zaidi na shinikizo la damu la ujauzito na kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, upungufu wa damu, kuvuja damu baada ya kujifungua, na upasuaji. Watoto huzaliwa na uzito mdogo, na hatari ya mtindio wa ubongo kwao ni kubwa mara kadhaa kuliko kwa aliyekaa tumboni peke yake. Wengi hutoka salama, alisisitiza hilo. Lakini anayeamua kuweka viwili anaamua pamoja na hayo, na si haki ayajue akiwa wodini.

Mimi wodi ile naijua. Mdogo wangu alijifungua mapacha wiki ya 30, mimba iliyokuja yenyewe, na kwa kuwa mimi ndiye mama mkubwa nilikuwa napokezana naye kukaa na watoto. Walikuwa njiti hasa, ngozi yao nyembamba mpaka unaona mishipa. Maziwa alikamua mama yao, muuguzi akayavuta kwenye sindano, mililita chache, akayaachia yashuke taratibu kwa mrija uliopita puani. Mmoja wao alikuwa anasahau kupumua. Mashine ingelia, sisi tungesimama wote, na muuguzi angekuja bila kukimbia akagonga wayo wake kwa kidole, tok tok, mtoto akashtuka na kifua kikaanza tena kupanda. Siku nyingine mara moja, siku nyingine hatukuhesabu. Tuliwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, huyu kwangu na yule kwake, tukiwa tumekaa wima kwenye viti mpaka migongo ikafa ganzi. Wa kiume alitangulia nyumbani, wa kike akabaki, na mdogo wangu akawa mama wa sehemu mbili, akinyonyesha hapa huku moyo uko kule.

Leo wanaruka kamba na wanagombana. Nawapenda kuliko ninavyoweza kueleza. Mdogo wangu hakuchagua, alijaliwa, akapambana. Mimi ninaulizwa kabla. Hiyo ndiyo tofauti iliyonikaa kichwani wiki nzima, na sikuweza kuipita.

Nimesoma pia tulikotoka. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyepatikana kwa njia hii, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, na alitokana na kiinitete kimoja: yai moja lililochukuliwa katika mzunguko wa kawaida wa mama yake, bila dawa za kukuza mengi. Dawa zilipoanza kutumika mayai yakawa mengi, viinitete vikawa vingi, na namna ya kuvihifadhi ilikuwa bado dhaifu. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984, ila kwa miaka mingi baadaye vingi vilikuwa vinafia kwenye barafu. Ukiona daktari wa zamani alikuwa anaweka vitatu au vinne, alikuwa anahofia kupoteza alivyonavyo. Siku hizi hugandishwa kwa kasi, maji yaliyomo ndani yasipate nafasi ya kuwa barafu, na zaidi ya 9 kati ya 10 huamka salama. Vyetu viko kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Hakuna kinachozeeka humo wakati sisi tunasubiri, na hilo limenipa utulivu kuliko maneno yote ya kutiwa moyo.

Kuna waliovuka mipaka kabisa. Januari 2009 mwanamke mmoja wa California alijifungua watoto 8 baada ya kuwekewa viinitete 12, na daktari wake akaja kunyang'anywa leseni mwaka 2011. Watu walimsema sana yule mama. Mimi nafikiri zaidi juu ya daktari aliyeshika mrija wa kuviweka.

Na kuna fedha. Hili linaniuma, kwa sababu najua wanawake wanaotia viwili kwa kuwa hawataweza kulipia mara ya pili, na hakuna wa kuwanyooshea kidole. Ubelgiji walilielewa mapema. Tangu mwaka 2003 serikali yao inagharimia matibabu hadi mara sita, na kwa kubadilishana na hilo idadi ya viinitete inawekewa kikomo. Mwenye umri chini ya miaka 36, mara ya kwanza, ni kimoja. Uingereza nako, miaka ya 1990 zaidi ya robo ya wazazi wa njia hii walikuwa wanajifungua mapacha au zaidi. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 6. Hayo yalikuja kwa nchi kuamua. Mwanamke anayelipa mwenyewe, akaambiwa achague kati ya usalama wake na nafasi yake ya mwisho, ameachiwa mzigo usio wake, na ningependa wanaopanga bima walione hilo. Sisi tumejibana, tunaweza kurudi mara moja zaidi. Bila hiyo sijui kama ningeandika nilichoandika.

Wala simwandikii mwenzangu. Mwanamke wa miaka 41 ambaye viinitete vyake havijapimwa kromosomu, vile vibeba vinasaba ndani ya seli, ana hesabu nyingine, na miongozo ya Marekani, kwa mfano, inamruhusu zaidi ya kimoja, wakati kwa aliye chini ya miaka 38 mwenye dalili nzuri za kufanikiwa, au wa umri wowote mwenye kiinitete kilichopimwa kikaonekana sawa, wanapendekeza kimoja. Ukiambiwa kitu tofauti na mimi, uliza kwa nini, lakini usidhani unaonewa.

Kimoja nacho si kinga kamili. Mara chache, kama 1 au 2 katika 100, hugawanyika chenyewe kikawa mapacha wa kufanana, na wengi wao hushea kondo moja, jambo linalohitaji uangalizi wa karibu sana. Nilipolisikia hilo nilikaribia kusema basi, kama mapacha wanaweza kuja hata hivyo, tuweke viwili. Mume wangu akaligeuza: katika hivyo viwili, kimojawapo kikigawanyika, wanakuwa watatu. Nikanyamaza.

Jioni nilimpigia mama mkwe kumwambia. Alikaa kimya kidogo, nikajua amesikitika. Kisha akauliza hao wawili waliobaki wanakaa wapi, nani anawaangalia, na kama umeme ukikatika inakuwaje. Nikamweleza kwamba baridi ile inatokana na nitrojeni yenyewe, haitegemei umeme, na wanaiongeza kila inapopungua. Akauliza tena, nikamweleza tena. Akasema, "Haya, mwanangu. Aliyeyaona hayo yote asishindwe na hili."

Kesho ni jambo fupi: kibofu kijae, hakuna ganzi, mrija mwembamba unaongozwa kwa altrasaundi, dakika chache tu. Asubuhi na mapema watakiyeyusha kile cha 4AA. Kisipoamka, tumeshasaini watoe cha pili, na hicho nacho kitakwenda peke yake. Projesteroni, homoni ya kusaidia mimba ishike, naendelea nayo kama kawaida, na kipimo cha damu ni baada ya siku kumi hivi.

Ninaloogopa ni siku hiyo ya kipimo. Najua nikiambiwa hapana, sauti ya kwanza kichwani itasema ungeweka viwili. Tumelizungumza hilo leo kabla ya kusaini, kwa sababu baadaye tutakuwa hatuna nguvu za kulizungumza vizuri. Tumekubaliana kwamba tutalia kwanza, kila mmoja anavyojua, bila kuharakishana. Kisha tutampigia daktari apange cha pili, kimoja vilevile. Na hilo la viwili hakuna atakayemuuliza mwenzake.