Bushi yenye vitundu sio feki jamani

Kuna picha inazunguka sana kwenye magrupu ya mafundi, mtu kafungua feni kakuta bushi, kile kipete ambacho shafti (mhimili wa feni) inazungukia ndani yake, ina vitundu vidogo vidogo basi anaandika "oneni vitu vya siku hizi, vimeoza hata havijatumika". Havijaoza bwana, vile vitundu vimewekwa makusudi.

Iko hivi, bushi ile haikuchongwa wala kumiminwa, ni unga wa shaba na bati umejazwa kwenye moldi ukakandamizwa na presi juu na chini kwa pamoja. Ikitoka hapo ina umbo lake kamili ila idondoke tu sakafuni imeshavunjika, coz chembe zimebanana tu. Nguvu inakuja kwenye tanuru, na hapa ndo wengi wanapotea, wanadhani chuma lazima kiyeyuke. Wapi! Mfano gia, nazo zinatengenezwa hivyo hivyo ila kwa unga wa chuma, zinaingia kwenye joto la kama nyuzi 1120 za Selsiasi wakati chuma kinayeyuka kwenye 1538, sasa pale chembe zinapogusana atomi zinahama taratibu mpaka zinashikana, na ndani ya tanuru ni naitrojeni na haidrojeni, maana hewa ya kawaida ingezivisha chembe kutu na zisingeshikana vizuri.

Turudi kwa bushi. Karibu robo yake ni uwazi, na ule uwazi unajazwa oili kiwandani. Shafti ikizunguka bushi inapata moto, oili inatoka inalainisha, ukizima ikapoa inanyonywa kurudi ndani. Ndo maana feni inakaa miaka hujaigusa. Sasa wewe unakuja na msasa unaisugua "ing'ae", umeshaziba vitundu, au unapaka grisi nzito nayo inaziba vilevile, halafu ikianza kulia unasema feni mbovu! Ikikauka itie oili nyepesi basi.

Unga una mipaka yake pia. Ukuta wa moldi unakwaruzana na unga kwahiyo kipande kirefu chembamba katikati kinabaki legelege, hata ukandamize juu na chini. Vile vidude vidogo vyenye kona kona wanachanganya unga laini sana na nta na plastiki wanadunga kwenye moldi, plastiki inatolewa ndo kinaenda tanuruni, na kinasinyaa kama asilimia 15 mpaka 20 kila upande, so moldi inatengenezwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Hesabu hiyo ikikosewa kidogo tu mzigo wote takataka.

Mimi gia ya kupigwa mishtuko mizito siwezi kuchukua ya unga wa kawaida, vitundu vinaanzisha nyufa. Ila konrodi (zile fimbo za injini zinazounganisha pistoni na krenki) za magari kibao ni za unga, hizo zinapigwa zikiwa bado za moto mpaka uwazi unazibika, hizo nazikubali kabisa.