Kumbukumbu ya mradi: wapenzi wa dhoruba ufukweni Kayenze

Uhariri wa filamu yetu fupi umefika kwenye onyesho la Kayenze, ufukwe wa Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ambalo ndilo litakaloamua kama hadithi nzima itasimama. Wahusika ni wapenzi wawili wanaofuatilia dhoruba: mwanamke anayesomea hali ya hewa, na fundi wa taa za kuvulia dagaa usiku mwenye pikipiki. Wafuatiliaji wa Marekani, katika majimbo kama Oklahoma na Kansas, huendesha magari mwendo mrefu kulifuata wingu, lakini kwetu dhoruba kubwa za usiku hukaa juu ya maji. Jua likizama, nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, upepo huelekea ziwani kutoka kandokando, na pale unapokutana hewa yenye unyevu hupanda na kuumba mawingu ya radi. Kwa hiyo wapenzi wetu huhama ufukwe tu, kutoka Igombe hadi Kayenze, kisha wakangoja. Na mapenzi yao yamejengwa juu ya kungoja huko.

Sauti husafiri takriban kilomita 1 kila sekunde 3. Filamu nyingi hupiga ngurumo papo hapo na mmweko wa radi, na umbali wote hupotea. Katika onyesho letu mwanamke anaanza kuhesabu sekunde baada ya mmweko, fundi anamuuliza kama atakubali kwenda naye Ukerewe kwa wazazi wake, naye anaendelea kuhesabu hadi ngurumo isikike kwenye 36, yaani dhoruba iko kilomita 12 hivi. Mhariri mwenzangu anaona kimya hicho ni kirefu mno. Nimesisitiza kibaki kama kilivyo, kwa sababu ndani yake mtazamaji hana pa kutazama isipokuwa uso wa yule mwanamke. Mmweko unaofuata unahesabiwa hadi 27, na chini ya 30, kwa usalama, ni lazima waondoke ufukweni, kwa hiyo jibu linatolewa wakiwa wanakimbilia gari la jirani.

Kamera yetu husoma picha mstari kwa mstari, hivyo mmweko mfupi hujaza nusu tu ya fremu. Tuliacha shata, yaani kifunga mwanga cha kamera, wazi kwa muda wote wa fremu, na sasa nikiunganisha fremu mbili zinazofuatana mmweko unakamilika.

Imebaki sauti ya mitumbwi ya dagaa ikirejea alfajiri. Tutairekodi wakati wa giza la mwezi, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wa taa hubaki nchi kavu.