Kifaru Bora ni Kipi?

Kila ninapopita kwenye gereji za Katwe, hapa Kampala, na kumwona fundi akishusha giaboksi ya lori, nawaza juu ya vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia. Tiger cha Ujerumani, chenye uzito wa tani 57 na mzinga wa milimita 88, kilitisha kwelikweli, lakini vilitengenezwa takribani 1,350 tu, ilhali Marekani ilitoa vifaru vyake vya Sherman karibu 49,000 na Wasovieti wakatoa vyao vya T-34 vingi zaidi ya hivyo.

Wengi hutazama unene wa chuma. Mimi huangalia magurudumu. Ya Tiger yalipandana, hivyo kubadilisha moja la ndani kulidai kufungua kadhaa ya nje kwanza, na matope yaliyoganda kati yake katika baridi ya Urusi yaliweza kukizuia kifaru kisisogee asubuhi. Giaboksi ya Sherman ilikaa mbele, nyuma ya kifuniko kilichofungwa kwa bolti, hivyo fundi aliweza kukifungua na kuifikia. Sikubali wanaosema kwamba Sherman ilikuwa na ubora hafifu, kwa maana urahisi wa kutengenezeka ni sehemu ya usanifu wenyewe, ingawa siwasahau askari walioungulia ndani ya Sherman kwa kuwa mzinga wao wa milimita 75 haukuweza kuipenya Tiger kutoka mbele ikiwa mbali.